Kabla ya Mrija, Kibofu Kitazamwe

Mpimaji alipaka jeli, akazungusha kifaa mara mbili tatu juu ya tumbo, akatabasamu. "Dada, ni dume."

Mwana wa dada yangu akanibana mkono. Mimba yake ilikuwa ya wiki 22, ya kwanza, na kwao Kibosho walikuwa wameshaanza kubishana juu ya jina. Kituo chenyewe kilikuwa cha kawaida, kama vilivyo vingi Moshi mjini: unapanda ngazi juu ya duka la dawa, unalipa dirishani, unakaa kwenye benchi mpaka uitwe. Mimi nilikaa upande wa miguu, macho kwenye skrini. Nikaona duara jeusi, kubwa, na chini yake kijimkia cheusi kilichochongoka kuelekea katikati ya mapaja ya mtoto. Maji kwenye ultrasaundi huonekana meusi, kwa hiyo duara lile lilikuwa kibofu. Nimefanya kazi ya ukunga wodini miaka 25, kazi ya mikono na masikio zaidi kuliko ya picha, lakini kibofu kile kilinitia wasiwasi.

"Mwanangu, hicho kibofu si kikubwa mno?"

"Kimejaa tu, mama. Atakojoa."

Alinijibu kwa adabu, na nje foleni ilikuwa ndefu. Tukapewa karatasi: mapigo ya moyo mazuri, kondo limekaa juu, jinsia ya kiume, na mwishoni kabisa maneno mawili, kibofu kimejaa. Tukashuka ngazi, tukapita sokoni kununua ndizi, tukapanda gari la Kibosho.

Wiki 8 baadaye muuguzi wa kliniki ya kijijini alipima kimo cha tumbo akaona hakilingani na umri wa mimba. Hospitali tulikopelekwa walikuta maji ya uzazi yamebaki kidogo sana, figo zote mbili za mtoto zimevimba kwa mkojo, na kibofu kile kile sasa kina ukuta mnene. Daktari akatuambia jambo ambalo familia yetu haikuwa imewahi kulisikia: njia ya mkojo ya mtoto imeziba, na imeziba angali tumboni.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya ugonjwa huu, nimewauliza madaktari bingwa ninaofahamiana nao, na nimefikia msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Swali ambalo kila familia huliuliza kwanza ni kama mtoto anaweza kutibiwa kabla hajazaliwa. Jibu ni ndiyo, katika nchi chache, kwa watoto wachache, na kwa faida ambayo wataalamu wenyewe bado hawajakubaliana juu yake. Lakini kwetu huku Kaskazini liko swali jingine linaloweza kuokoa figo nyingi zaidi, nalo halihitaji ndege wala viza: aliyetazama picha aliona nini, na alipokwisha kuona alimwambia nani?

Kwanza nieleze mambo yanavyokwenda ndani, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mtoto huanza kutengeneza mkojo mapema, kwenye mwezi wa tatu wa mimba. Kufikia wiki 16 hivi, sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka ni mkojo wake mwenyewe. Anayameza, anayavuta mpaka kwenye mapafu, anayatoa. Mapafu yanayahitaji maji hayo ili yapanuke na kukua. Sasa weka kizuizi mlangoni. Kwa watoto wa kiume kizuizi cha kawaida zaidi ni vijiwambo vinavyoota ndani ya mrija wa mkojo, chini tu ya kibofu, vikafanya kazi kama vali iliyofungwa kinyume: mkojo ukija, vinajitandaza na kuufungia njia. Daktari wa Marekani, Hugh Hampton Young, alivipanga katika makundi mwaka 1919, na hadi leo wanafunzi wa udaktari wanafundishwa mpangilio wake. Humpata mtoto mmoja kati ya kila watoto wa kiume 5,000 hadi 8,000 hivi wanaozaliwa.

Mkojo ukikosa pa kutokea, kibofu kinavimba. Misuli yake inanenepa kwa kusukuma bila kupumzika. Mkojo unapanda juu, unazijaza figo na kuziharibu wakati zingali zinajengwa, kwa sababu figo za binadamu hazimalizi kujengwa mpaka karibu na wiki ya 36. Na kwa kuwa mkojo ndio maji ya uzazi, maji yanapungua, pengine yanakauka kabisa. Hapo ndipo mapafu yanapobaki madogo.

Watu wengi wakisikia ugonjwa wa njia ya mkojo wanadhani mtoto anakufa kwa figo. Wale wanaokufa siku ya kwanza hawafi kwa figo, wanakufa kwa kukosa pumzi. Niliwahi kumpokea mmoja, miaka mingi kabla ya mimba hii ya kwetu. Uso wake ulikuwa umebanwa kana kwamba alikandamizwa kwenye kioo, masikio yamekaa chini, miguu imepinda kwa kukosa nafasi ya kujinyoosha. Kifua kilikuwa chembamba, kama kengele, tumbo kubwa chini yake. Alilia mara moja, sauti ndogo. Nilimpa pumzi kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa mapafuni, kwa dakika 40, na kila nilipobonyeza nilihisi mkononi kwamba hewa haina pa kwenda. Mama yake aliniuliza kosa lilikuwa wapi. Wakati ule sikuwa na jibu.

Kwa hiyo naelewa kabisa kwa nini madaktari walifikiria kuingia ndani na kufungua njia mapema. Mwaka 1981, mjini San Francisco, Michael Harrison na wenzake waliufungua mfuko wa uzazi wa mama mjamzito ili kumtengenezea mtoto mahali pa kutolea mkojo, kisha wakaufunga ili mimba iendelee. Hiyo ndiyo safari iliyozaa fani nzima ya upasuaji wa mtoto aliye tumboni. Baadaye njia nyepesi zaidi ndiyo iliyoenea: sindano hupitishwa kwenye tumbo la mama huku ultrasaundi ikiongoza, na kupitia sindano hiyo huachwa mrija mdogo wa plastiki, ncha moja ndani ya kibofu cha mtoto, ncha nyingine nje kwenye maji ya uzazi. Mkojo unapita, maji yanarudi, mapafu yanapata nafasi.

Kwa maelezo ni jambo zuri mno. Kwa vitendo, mrija unahama, unaziba, au mtoto anauchomoa kwa mkono wake mwenyewe. Chupa inaweza kupasuka kabla ya wakati, uchungu ukaanza mtoto akiwa njiti. Na kabla hata ya kufika huko lazima mtoto achaguliwe: mkojo wake huvutwa kwa sindano, wakati mwingine zaidi ya mara moja, ukapimwa chumvi na protini fulani, kuona kama figo bado zina kazi ya kuokolewa. Figo nzima huichuja chumvi na kuirudisha mwilini. Figo iliyoharibika huiacha ipite. Kama figo zimeshakufa, mrija unatoa maji machache au hautoi kabisa.

Uingereza waliamua kuupima ukweli kwa jaribio, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Walitaka wanawake 150. Wakapata 31 tu, jaribio likafungwa kabla ya wakati, kwa sababu ugonjwa ni adimu na kwa sababu wazazi na madaktari wengi walikuwa wameshaamua upande wao. Waliopangiwa mrija walikuwa 16, na watoto wao 8 walifikisha siku 28. Waliopangiwa kusubiri walikuwa 15, na watoto 4 walifika hapo. Ukiishia hapo utasema mrija unaongeza uhai maradufu, na yawezekana kweli unaongeza, ingawa idadi ni ndogo mno kwa mtu kuapa. Lakini waandishi walifuatilia mpaka miaka 2. Katika kundi lote, waliofika umri huo figo zao zikiwa hazina hitilafu walikuwa watoto 2.

Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi. Inasema kwamba mrija, pale unapofanikiwa, unaokoa pumzi kuliko unavyookoa figo. Na mtoto aliyeokolewa pumzi anazaliwa akiwa na figo za kuuguzwa maisha yake yote.

Ipo njia ya tatu: kupitisha kamera nyembamba mpaka ndani ya kibofu cha mtoto na kuvikata vile vijiwambo kwa leza. Wanaoifanya ni vituo vichache mno duniani. Inavutia kwa sababu inagusa chanzo chenyewe, lakini imewahi kuwaachia baadhi ya watoto tundu kati ya mrija wa mkojo na viungo vya jirani. Mwaka 2022 kundi la wataalamu wa Ulaya, wa figo, wa mfumo wa mkojo na wa uzazi, walikaa pamoja wakatoa maoni yao. Kwa kifupi, walikubali kwamba mrija unaweza kuongeza uwezekano wa kuishi kwa watoto waliochaguliwa vizuri, na wakasema wazi kwamba faida yake kwa figo za baadaye haijathibitishwa. Mimi nawaheshimu kwa kusema hivyo. Si rahisi mtaalamu kukiri mbele ya wazazi wanaolia kwamba mikono yake ina uwezo kuliko ushahidi alio nao.

Mwaka 2023 kukatoka matokeo mengine, ya Marekani, yanayohusu watoto ambao hawakuwa na figo kabisa. Kina mama walikuwa wakitiwa maji kwenye mfuko wa uzazi mara kwa mara ili mapafu yakue. Watoto 17 walizaliwa hai, na 14 kati yao waliishi angalau siku 14 na kuwekewa njia ya kusafishwa damu. Mapafu yalikuwa yamekua. Lakini waliotoka hospitali kwenda nyumbani walikuwa 6. Hao ni watoto waliozaliwa katika hospitali zenye kila kifaa. Walivuka mlango wa pumzi, wengi wao wakakwama kwenye mlango wa figo.

Ndiyo maana nikisikia mtu akisema tuanze kwa kujenga kituo cha kutibu watoto tumboni huku kwetu, nauliza kwanza: mtoto huyo akizaliwa na uzito wa kilo 2, figo hazifanyi kazi, nani atamsafisha damu mwezi wa kwanza, na wa pili, na wa kumi na mbili? Kumsafisha damu mtu mzima tunaweza, hata hapa Moshi. Kichanga ni jambo jingine kabisa. Mishipa yake ni myembamba kama uzi, na maji ya kijiko kimoja yakizidi au kupungua yana uzito wake.

Rafiki yangu mmoja, daktari ninayempenda kwa ukali wake, alinijibu hivi: "Dada, yote haya tuliyasema pia kuhusu moyo." Ana haki. Watoto wetu wenye matundu ya moyo walikuwa wakipelekwa India kwa makundi, na leo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inawapasua Dar es Salaam. Figo nayo ilikuwa ya India, mpaka Muhimbili walipopandikiza ya kwanza Novemba 2017. Simkatalii. Iko siku mrija utawekwa Tanzania kama huduma ya kawaida, na nitafurahi. Ninachokataa ni kuanzia juu ya paa. Upasuaji wa moyo haukuanza na kisu, ulianza na watu waliojua kusikiliza moyo wa mtoto na kuandika rufaa. Kwa ugonjwa huu anayesikiliza ni mpimaji wa ultrasaundi, na huyo tunaye tayari, yuko juu ya duka la dawa.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo jambo lenyewe lilipo.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apimwe ultrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki 24. Kwa mwanamke wa Moshi au Arusha mjini kipimo hicho si cha mbali tena. Wanakwenda, na wengi wanakwenda kwa hiari yao na kwa fedha yao mfukoni, kwa sababu wanataka kujua jinsia. Siwalaumu hata kidogo. Furaha ya kujua ni haki ya mzazi. Lakini fikiri mpimaji anafanya nini anapotafuta jinsia. Anakiweka kifaa kwenye nyonga za mtoto, anatafuta katikati ya mapaja. Kibofu kipo hapo hapo, sentimita moja juu. Na ugonjwa huu wa vijiwambo ni wa watoto wa kiume peke yao. Yaani kipimo ambacho wazazi wetu wanakilipia wenyewe, kwa wingi na kwa furaha, kinapita juu ya mahali penyewe, kwa watoto wale wale wanaohusika, na katika wiki zile zile zinazofaa. Hakuna kampeni ya afya iliyowahi kupata bahati kama hiyo. Tunachohitaji ni jicho lipande sentimita moja.

Likipanda, litazame nini? Kibofu cha mtoto tumboni hujaa na kumwagika, hujaa na kumwagika, mchana na usiku. Mzunguko mmoja huchukua kama nusu saa, pengine hadi saa nzima. Basi ukikuta kimejaa, hujajua kitu bado. Mwambie mama atoke, akae kwenye benchi, anywe chai, umwite tena baada ya nusu saa, na kama bado, mrudie tena. Kikipungua, mshukuruni Mungu wote wawili. Kisipopungua, angalia kama chini yake pana kijimkia, ile picha ambayo wataalamu huifananisha na tundu la ufunguo: duara juu, mfereji chini. Halafu panda kwenye figo, zote mbili. Halafu yatazame maji. Kazi hiyo yote ni ya dakika chache kwa mashine ile ile aliyoitumia kijana aliyempima mwana wetu. Alichokosa si mashine. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba "atakojoa" ni jambo la kuhakikisha kwa macho.

Niongeze tahadhari, kwa sababu najua makala kama hii inaweza kumkosesha mama usingizi. Figo za mtoto kuonekana zimepanuka kidogo ni jambo la kawaida, linaonekana kwa mimba moja hadi tano katika kila mia, na nyingi kati ya hizo hujirudi zenyewe kabla au baada ya kuzaliwa. Figo moja iliyopanuka kidogo, kibofu kinachomwagika vizuri na maji ya kutosha havimpi mtu sababu ya kuuza ng'ombe. Kinachotaka haraka ni vitu hivyo vikija pamoja: mtoto wa kiume, kibofu kisichomwagika, figo mbili zimevimba, maji yanapungua. Wakati mwingine kibofu kikubwa kinachoonekana mapema sana, kwenye mwezi wa tatu, huwa ni alama ya matatizo ya kromosomu, na mjadala wake ni mwingine.

Sasa ameshaonekana. Hatuna mrija wa kumwekea. Je, kumwona kumemsaidia nini? Hili ndilo swali ambalo hata wahudumu wenzangu huniuliza, na jibu lake ndilo lililonisukuma kuandika.

Kumesaidia kwamba mama hatazalia Tarakea wala Ngorongoro. Atajifungulia mahali ambapo daktari bingwa wa mfumo wa mkojo anaitwa kwa simu na anafika. Tunao. Hospitali ya rufaa ya KCMC imesimama hapo Moshi tangu 1971, inahudumia Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga, na ina taasisi yake ya magonjwa ya mfumo wa mkojo ambayo imewafundisha madaktari wa nchi nyingi za jirani. Kutoka Arusha mjini ni kilomita 80 hivi za lami. Sehemu nyingi za Afrika wangelia kuwa na bahati hiyo. Lakini daktari bingwa hawezi kumtibu mtoto ambaye hajui kama amezaliwa.

Na kazi ya saa za kwanza haina maajabu. Mtoto akizaliwa anawekewa mpira wa mkojo, tena hata ule mwembamba wa kulishia watoto njiti unafaa kuliko wenye puto. Mkojo uliokuwa umefungiwa kwa miezi unatoka. Niliuona ukitoka kwa mjukuu wetu, alipozaliwa wiki ya 37, kwanza tone, kisha uzi wa manjano hafifu, na tumbo lililokuwa limekakamaa kama ngozi ya ngoma likalainika mbele ya macho yetu. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa na mpira tayari kwenye trei kabla mama hajaanza kusukuma, kwa sababu faili lilikuwa limeandikwa. Tulikuwa tumechelewa wiki 8, lakini tulikuwa tumefika.

Baada ya hapo ni subira yenye utaratibu. Kipimo cha kriatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, cha siku ya kwanza kinasoma damu ya mama zaidi kuliko ya mtoto, kwa hiyo kinarudiwa baada ya siku mbili tatu na kuendelea. Ultrasaundi ya figo kwa kawaida inasubiri saa 48, kwa kuwa kichanga wa siku moja ana maji machache mwilini na figo zinaweza kuonekana nzuri kuliko zilivyo. Ila kwa mtoto wa kiume aliyeshukiwa ugonjwa huu haingojwi, anapimwa mara moja. Inafuata picha ya eksirei ya dawa inayoingizwa kibofuni, na mwishowe vijiwambo vinakatwa kwa kamera ndogo. Kama mtoto ni mdogo kuliko kamera iliyopo, daktari anatoboa njia ya muda chini ya kitovu, mkojo ukawa unatokea hapo mpaka akue.

Tundu hilo la tumboni linawatisha watu kuliko ugonjwa wenyewe. Nilimwona bibi mmoja wa Machame wodini akikunja kipande cha kanga mara nne na kukiweka juu yake, akikibadilisha kila kikilowa, bila kumtazama mtu usoni. Siku ya tatu akaniuliza kwa kunong'ona kama mtoto atakuwa mwanamume. Nilimwambia ndiyo, bibi, hilo litafungwa. Akalia. Alikuwa ameshika swali hilo siku tatu nzima, na hakuna aliyekuwa amemkalisha akamweleza.

Nawaza sana juu ya maneno tunayowapa watu hawa. "Hakuna kinachoweza kufanyika" ni uongo, hata pale ambapo mrija haupo. "Mpelekeni India" ni nusu ya ukweli inayouza vihamba, mashamba ya ukoo. Mzazi anayetaka kwenda nje ana haki ya kwenda, lakini kabla hajasaini chochote aambiwe zile hesabu za 2013, aambiwe kwamba mrija unaweza kumpa mwanawe pumzi na usimpe figo, na aambiwe mapema kama maji yalikauka kabla ya mwezi wa tano, kwa sababu hapo matumaini ni madogo popote duniani. Kina mama ninaowajua wanaubeba ukweli mzito wakipewa na mtu aliyekaa chini, ameizima na simu. Na aambiwe kwa sauti, mbele ya mawifi na mama mkwe, kwamba hakula kitu kibaya, hakuruka chochote, hakulaaniwa. Vijiwambo hivi huota mtoto anapoumbwa, na mara nyingi havijirudii katika uzao unaofuata.

Kuna jambo moja dogo ninalolidai kwa nguvu zote. Jibu la ultrasaundi lihamie kwenye kadi ya kliniki, kwa mkono wa aliyepima, siku hiyo hiyo. Karatasi yetu ilikaa wiki 8 ndani ya pochi, pamoja na risiti ya ndizi. Muuguzi wa Kibosho hakuwahi kuiona. Angeyaona maneno "kibofu kimejaa" mbele ya kadi anayoishika kila mwezi, angeuliza. Namjua, angeuliza.

Mjukuu sasa ana miaka 4. Figo moja inafanya kazi vizuri, nyingine kidogo. Anahudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu, anapimwa presha kwa kile kitambaa kidogo cha watoto anachokiita saa, na usiku bado anavaa pampasi kwa sababu kibofu kilichosukuma ukuta kwa miezi hakisahau haraka. Madaktari wametuambia wazi kwamba miaka ya ujana ndiyo itakayoonyesha, mwili ukikua kuzidi uwezo wa figo. Kati ya watoto wenye ugonjwa huu, robo hadi theluthi hivi hufikia figo kushindwa kabisa. Tunalijua hilo, tunampa maji, tunampeleka kliniki.

Mwaka huu mama yake amebeba mimba ya pili. Alipofika wiki 20 aliniomba nimsindikize, safari hii Arusha, wanakoishi sasa. Chumba kingine, mpimaji mwingine, dada wa makamo mwenye miwani. Alipaka jeli, akatazama, akasema tena ni wa kiume. Mwanangu hakunishika mkono. Aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Samahani dada. Kibofu?"

Yule dada akarudisha kifaa. Kilikuwa kimejaa. Akatazama saa ukutani, akatuambia tukakae nje, atatuita. Tulikaa kwenye benchi dakika 40, hatukuzungumza. Alipotuita akaiwasha skrini, akaigeuza upande wetu, akaweka kidole chake juu ya lile doa jeusi. Lilikuwa dogo kama punje ya harage.